Mtoto Kwenye Toroli

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika chumba cha maelezo, kituo cha polisi, na Koplo wa zamu. Shahidi amesimulia kwa mdomo, Koplo ameandika.

Shahidi: Mwanamume, anafahamika kazini na mtaani kwa jina la Taratibu. Jina la kitambulisho limehifadhiwa ndani ya jalada.
Umri: Miaka 39
Kazi: Mpanga bidhaa rafuni, duka kubwa lililo jirani na kituo cha mabasi
Makazi: Chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha mbao, anaishi na mama yake mzazi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kusema nilichokiona na nilichokisikia. Nimeonywa kwamba uongo hapa ni kosa. Nimesema sina uongo, ila naomba nisiharakishwe. Wenzangu kazini walinipa jina la Taratibu kwa sababu wanasema nikitumwa kuita zimamoto, nitarudi nikute nyumba imeshajengwa upya. Koplo amesema tuendelee tu, mvua yenyewe bado inanyesha.

Kazi yangu ni kupanga bidhaa. Katoni zikitoka stoo nazifungua, natoa kitu kimoja kimoja, cha zamani nakivuta mbele, kipya nakisukuma nyuma, kisha nageuza kila lebo imtazame mteja. Mteja akichukua kimoja linabaki pengo, nami nalifuata lile pengo. Kutwa nzima nafuata mapengo. Ukiifanya kazi hii miaka mingi unakuwa kama nguzo. Watu wanagombana mbele yako, wanachumbiana mbele yako, wengine wanalia, na macho yao yanapita juu yako yakitafuta chumvi. Silalamiki. Nasema hivi ili Koplo aelewe ni kwa namna gani nilimfahamu yule dada kabla ya leo.

Leo Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa nne, mvua ilianza kabla hatujafungua milango. Muda si mrefu umeme ukakatika. Jenereta yetu ni ya kizee, inabeba majokofu, kaunta za malipo na safu moja tu ya taa, ile ya katikati. Njia za pembeni zilibaki na mwanga wa vioo vya juu, nao leo ulikuwa wa kijivu kama maji yaliyooshewa mchele. Watu waliingia wengi, si kununua, ila kujikinga. Walitembea polepole katikati ya rafu, wanashika hiki, wanaacha kile, nguo zinawachuruzika, na hakuna aliyepaza sauti kwa sababu bati lilikuwa linaongea kuliko wote. Nilijihisi kama niko ndani ya usingizi wa mtu mwingine, nami napanga vitu humo.

Mlinzi wetu wa mlangoni tunamwita Komando. Ni mtu anayeogopa paka, ndiyo maana akaitwa hivyo. Nilipopita akaniambia, "Taratibu, leo duka limegeuka kituo cha mabasi."

Nikamjibu, "Na basi lenyewe hakuna anayejua linakwenda wapi."

Kwenye benchi la kando ya mlango alikuwa amekaa mama mmoja mwenye sare ya nesi, na pembeni yake mtoto wa kike mwenye gauni la kijani, wa miaka kama mitatu. Niliwaona nikiwa nasukuma katoni za sabuni. Yule mama alikuwa anasinzia. Kichwa kinashuka, kinapanda, kinashuka tena, huku mkono wake umeshika mkono wa mtoto. Baadaye nimesikia kwamba alikuwa ametoka zamu ya usiku wodini, akampitia mtoto kwa jirani anayemlelea, mvua ikawakamata njiani. Mtoto alinitazama. Nikampungia mkono, akaficha uso kwenye koti la mama yake.

Nimeulizwa kama nilimwona mtoto akiondoka pale kwenye benchi. Sikumwona. Sikuona kama alichukuliwa au alijiendea mwenyewe, maana watoto wa umri ule miguu yao haiombi ruhusa. Siwezi kusema nisichokiona.

Sasa niseme kuhusu yule dada.

Amekuwa akija dukani kwetu kwa miaka kama mitatu, na wenzangu wanamjua kwa jina la Dada wa Toroli. Ni mwembamba, nguo zake safi, anatembea akiwa ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza mlango. Anachukua toroli, anakwenda moja kwa moja kwenye njia ya vitu vya watoto, anachagua kwa makini sana. Soksi anazinyoosha kwanza. Nguo anaipima kwa kuishika hewani, anaitazama, anaikunja. Anachukua sabuni laini, mafuta, unga wa uji. Toroli likijaa analizungusha duka zima polepole. Halafu analiacha kwenye njia ya mafuta ya kupikia, anatoka mikono mitupu.

Kazi ya kurudisha vile vitu rafuni ni yangu. Mwanzoni nilikuwa nanung'unika. Baadaye, katika kurudisha na kurudisha, nikaona jambo. Zile nguo zilikuwa zinakua. Zilianza soksi ambazo kidole gumba changu hakiingii. Miezi ikapita, zikawa fulana za mtoto anayejifunza kukaa. Kisha viatu laini vya kuanzia kutembea. Kisha gauni lenye mfuko, la mtoto anayeokota vitu njiani. Kila msimu namba moja juu.

Siku moja alinisemesha, na ndiyo mara pekee kabla ya leo. Alisema, "Kaka, hizi hazina namba kubwa zaidi? Anakua haraka huyu."

Nikamwambia, "Zinakuja Alhamisi, dada."

Alhamisi zilipokuja nilivuta moja mbele nikaigeuza imtazame.

Tuna keshia mwenye maneno mengi na moyo mzuri, tunamwita Shangazi. Anakaa mtaa mmoja na yule dada. Alinikuta narudisha vitu, akaniambia, "Yule hana mtoto, Taratibu. Alizaa, mtoto akakaa siku chache, akaondoka. Mume naye hakukaa." Nikamuuliza ni lini. Akafikiri, akasema, "Wakati ule tunavua sare za bluu tunaanza hizi nyekundu." Nikajua basi ni tangu zile soksi ndogo.

Jioni ile nilimsimulia mama yangu. Mama yangu ni mtu wa kusema, mpaka majirani wanajua ninachokula kabla sijala. Lakini siku ile alimenya kitunguu kizima kabla hajanijibu. Akasema, "Mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe mwekee nguo zake."

Nimeulizwa kwa nini sikutoa taarifa kwa meneja. Nimejibu kwamba sikujua ni taarifa gani. Mtu kujaza toroli na kuliacha si kosa. Watu wanaacha matoroli kila siku, wengine na nyama ndani.

Leo, mnamo saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa njia ya vitu vya watoto, ile ya pembeni isiyokuwa na taa, napanga unga wa uji. Nikasikia gurudumu bovu la toroli linakuja likilia. Nikageuka. Alikuwa yeye. Na kwenye kiti kidogo cha mbele cha toroli alikuwa amekaa mtoto wa gauni la kijani. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha njano, mwingine mtupu.

Yule dada alisimama mbele yangu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa umetulia vile. Akaniambia, "Kaka, leo nimekuja naye."

Nilishika pakiti ya unga mkononi, sikuiweka rafuni wala chini. Nilimtambua mtoto. Nilijua mama yake ni nani na yuko wapi. Nimeulizwa kwa nini sikupiga kelele pale pale, na swali hili ndilo lililonileta hapa, kwa hiyo nalijibu vizuri.

Mwaka juzi, kwenye maegesho ya duka letu, mtu mmoja aliitiwa mwizi wa simu. Alikuwa fundi wa baiskeli, namfahamu kwa sura. Simu ilikuja kupatikana chini ya kiti cha gari la mwenye simu, lakini wakati huo umati ulikuwa umeshampiga, na yule fundi hakuwa tena mtu wa kuombwa radhi. Leo duka lilikuwa limejaa watu waliolowa, wamechelewa waendako, hawana la kufanya. Neno moja tu, "mwizi wa mtoto," lingewapa kazi. Na mtoto mwenyewe angekuwa katikati ya mikono yao.

Kwa hiyo nikasema, "Karibuni. Ila mtoto ana baridi, mguu mmoja hauna kitu."

Akautazama ule mguu kama ndiyo anauona. Akasema, "Kiatu kimemvuka wapi, jamani." Nikatoa soksi rafuni, nikampa. Akamvalisha. Aliipuliza kwanza ndani, akaingiza vidole kimoja kimoja, akavuta mpaka juu. Mtoto alicheka, akanyanyua na mguu wa pili, wenye kiatu. Basi tukauvua na ule, ukavalishwa soksi nao, kiatu tukakitia kwenye toroli.

Nia yangu ilikuwa kuwafikisha kwenye ofisi ya meneja, iliyo nyuma ya majokofu ya maziwa, kisha nimwite mama wa mtoto kimyakimya. Nikamwambia, "Dada, nikusukumie toroli, gurudumu hili linahitaji mtu wa kulibembeleza." Akakubali. Tukaenda.

Nisingependa kuficha kwamba hatukwenda moja kwa moja. Yeye alishika njia yake ya siku zote, na mimi nilimfuata, kwa sababu kumvuta kungemshtua. Tulipita njia ya sabuni. Tulipita njia ya vyombo, sufuria zinang'aa kidogo gizani kama visima. Alikuwa ananisimulia. Alisema huyu mtoto hapendi maziwa yenye utando. Alisema hulala kifudifudi, na akilala anashika sikio lake mwenyewe. Alisema akiwa mdogo aliumwa kifua, akambeba usiku kucha chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka kukakucha kikalainika. Alisema neno la kwanza alilotamka lilikuwa "bado." Kila akiulizwa kitu anasema bado. Alicheka aliposema hivyo, na mimi nikacheka. Mtoto naye, kusikia tunacheka, akacheka.

Kwenye njia ya mchele mzee mmoja mwenye kofia iliyolowa alitupisha. Akasema, "Pita, baba. Mtoto amemchukua mama yake sura yote." Yule dada akamshukuru. Mimi sikumrekebisha yule mzee. Mvua ilizidi mpaka bati likawa halisikiki tena kama bati, likawa kimya cha aina yake, na humo ndani ya kimya nikawa nasukuma toroli lenye mtoto na mwanamke anatembea pembeni yangu amegusa ukingo wake kwa vidole viwili. Sina mke, Koplo. Kwa muda ule sikuwa na hakika kwamba sina.

Nimeulizwa kama yule dada alikuwa na nia ya kutoka nje na mtoto. Tulipofika mwisho wa njia ya mchele alisema, "Amechoka. Tukimaliza hapa twende nyumbani akalale." Neno hili ningependa kulimeza, maana najua litamuumiza. Lakini alilisema na mimi nililisikia. Naamini kama asingekutana na mtu, angetoka naye. Naamini pia angempikia uji, angemlaza, na angeshangaa nyinyi mlipogonga mlango.

Ndipo tukasikia sauti ya mama. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayemtafuta mwanawe nyumbani kwake, chumba kwa chumba, bado anategemea kujibiwa. "Kidoti? Kidoti, uko wapi?" Halafu ikapanda. Halafu nikamsikia Komando anawaambia watu, "Mtoto amepotea, gauni la kijani. Angalieni hapo mlipo."

Watu wakaanza kusogea. Ule usingizi uliokuwa dukani ulikatika.

Yule dada alisimama. Akanishika mkono wa shati. Akasema, "Kaka, kuna mtoto amepotea."

Nikasema, "Ndiyo, dada."

Akasema, "Maskini mama yake."

Nilikuwa nimebakiza hatua chache tu kufika kwenye mlango wa ofisi, na miguu haikwenda. Mtoto akanyoosha kidole kule sauti inakotoka, akasema, "Mama." Kisha akajigusa kifua, akamwambia yule dada kwa upole kabisa, kama mtu anayejitambulisha kwa mgeni, "Mimi Kidoti."

Yule dada alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama uso, gauni, soksi. Alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa juu ya ukingo wa toroli. Niliuona uso wake unaondoka pale ulipokuwa na kurudi huku tuliko, na kurudi huko kulikuwa na maumivu ambayo sitaki kuyaeleza. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, huyu ni wa nani?"

"Ni wa huyo anayeita."

"Nimemtoa wapi?"

"Sijui, dada. Sikukuona."

Nilidhani ataanguka, nikasogea karibu. Hakuanguka. Alimrekebishia mtoto gauni mabegani, akachukua kile kiatu cha njano ndani ya toroli akakishika. Akasema, "Nimrudishe mimi mwenyewe?"

Nikasema, "Tumrudishe wote."

Nimeelezwa kwamba kuna bwana mmoja mwenye mwavuli ameandikisha kwamba mwanamke alikuwa anakimbilia mlangoni na mtoto. Ni kweli tulikuwa tunaelekea mlangoni, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa mlangoni. Hakuna aliyekimbia. Anayesukuma toroli nilikuwa mimi, na jina langu Koplo umeshaliandika.

Tulipotokea kwenye njia ya katikati, penye taa, yule bwana wa mwavuli akasema, "Ndiye huyo." Hakusema kwa nguvu, lakini ilitosha. Watu walitufunga mbele na nyuma. Mtu mmoja alimvuta yule dada kitambaa cha kichwa. Mwingine akamwita jina ambalo mama yangu hataki lisemwe ndani ya nyumba. Mimi niliingia katikati, toroli nikaligeuza ubavu, mtoto nikamkinga kwa mgongo. Mwavuli ulishuka. Naamini ulikuwa unamtafuta yeye, ila ulinipata mimi juu ya jicho, hapa palipofungwa. Nilipoyumba niliiegemea rafu ya makopo ya nyanya, yakamwagika yote, yakawa yanabingirika miguuni mwa watu. Nadhani hayo makopo ndiyo yaliyotuokoa, maana ni vigumu kupiga mtu huku unateleza.

Komando akafika. Yule anayeogopa paka. Alisimama mbele ya yule dada, akavua kofia yake ya kazi akaniwekea mkononi, akawaambia, "Atakayemgusa aanze na mimi. Na mimi sina haraka leo." Hakupaza sauti. Watu wakasita.

Hapo mama wa mtoto akapenya. Alimnyanyua mtoto kutoka kwenye kiti, akamnusa nywele, akamgeuza mikono, akamwangalia macho, akamnusa tena. Mtoto akamwambia, "Mama, ona soksi."

"Nani amekuvalisha?"

Mtoto akaonyesha.

Mama alimgeukia yule dada. Nilidhani atampiga, na kama angempiga nisingemlaumu. Alimuuliza, "Umempa kitu chochote? Amekula chochote?" Ilikuwa sauti ya kazini, ya wodini.

Yule dada akasema, "Hapana. Alikuwa na baridi tu." Akampa kile kiatu. Akasema, "Sikujua kwamba si wangu. Sasa najua."

Yule nesi alimtazama. Nimeshawahi kulazwa, najua wanavyotazama pale wanapoacha kukusikiliza maneno na kuanza kukuangalia rangi ya midomo. Alimtazama hivyo. Kisha akawageukia watu akasema, "Tokeni hapa, mnatuzibia hewa." Wakatoka. Yule bwana wa mwavuli pia alisogea, akaanza kuokota makopo, sijui kwa nini. Aliokota mengi. Meneja alikuwa ameshawapigia simu polisi, na askari wawili walifika wakatuchukua sote kwa gari lao. Njiani waipa za kioo tu zilikuwa zinakwenda.

Hapa kituoni tulikalishwa kwenye benchi la korido kungoja kuitwa mmoja mmoja. Yule dada upande mmoja, mimi katikati, nesi upande wa pili, mtoto amelala mgongoni kwake. Yule dada alikuwa anatetemeka. Nesi alichukua lile koti lake lililokuwa magotini akanipa mimi, akanionyesha kwa kidevu. Nikamfunika nalo yule dada mabegani.

Baada ya muda nesi alinyanyuka, akaniomba nimpishe. Nikahamia mwisho wa benchi. Akakaa karibu naye. Nilisikia walichosema kwa sababu benchi ni fupi.

Nesi alimuuliza, "Wako alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

"Angekuwa na miaka mingapi?"

"Mitatu sasa."

"Ulimwita nani?"

Yule dada alimgeukia. Akasema, "Tangu tumzike hakuna aliyewahi kuniuliza." Kisha akalitaja jina. Alilitaja polepole, kama mtu anayeshusha kitu cha kioo kutoka juu. Nesi akalirudia mara moja, kuhakikisha kama amelipata sawasawa, akatingisha kichwa kukubali, akasema, "Ni jina zuri." Hapo ndipo yule dada alipolia. Alilia kwa sauti, akiwa ameinama, na nesi aliweka mkono mgongoni kwake akauacha pale. Mtoto hakuamka.

Nimeombwa nilitaje jina hilo ili liingie kwenye maelezo. Nimelisikia na ninalikumbuka. Naomba lisiandikwe. Ni la mtoto ambaye hayumo kwenye kesi hii.

Sina jingine la kuongeza. Hicho ndicho nilichokiona kwa macho yangu na kukisikia kwa masikio yangu, hayo mengine wanayajua wenyewe. Nimesomewa, nimeona yako sawa, naweka sahihi yangu.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA

Nathibitisha kwamba nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, lugha anayoielewa, naye ameyakubali bila kubadilisha neno. Alikuwa timamu. Ana jeraha juu ya jicho la kulia, limefungwa. Alishauriwa kwenda kushonwa, akasema atakwenda akishajua mwanamke anapelekwa wapi.

Ameelezwa kama ifuatavyo. Dada mkubwa wa mwanamke amefika kituoni. Mama wa mtoto amesema hataki kuendelea na malalamiko, na ameomba yeye mwenyewe awapeleke hospitali anakofanya kazi, kwa daktari wa akili anayemwamini. Mkuu wa Kituo amekubali, kwa sharti mwanamke aripoti hapa Jumatatu. Jalada liko mezani kwake kwa uamuzi.

Jina la mtoto marehemu halikuandikwa, kwa ombi la shahidi.

Saa saba na robo mchana wameondoka kwa gari moja, wanawake wote watatu wakiwa wamekaa kiti cha nyuma, mtoto amelala.

(Sahihi)
Koplo wa zamu